Fomula Isiyojua Harusi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hukunilea nianze maneno bila salamu, na sitaanza leo, ingawa najua hutaitikia.

Unakumbuka siku za kufungua marobota ya leso nyumbani Barani? Ulikuwa ukitoka Mambrui mapema, unamkuta baba yangu bado anakunywa chai, na kabla kikombe hakijaisha umeshakalia robota ulilolipenda. "Hili langu lote, kaka." Baba alicheka akakuachia. Mimi nilinuna. Maduka yetu yalikuwa matatu, la Malindi mjini, la Kilifi na hilo lako la Mambrui, na niliona unapendelewa tu.

Baba alipochoka akanikabidhi kazi ya kugawa mali. Nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta, lenye fomula moja: kila aina ya leso igawanywe mafungu matatu, kila duka lipate kulingana na mauzo yake ya mwezi uliopita. Nilijivuna nayo, sitaficha.

Kisha ukanipigia simu. Jirani yako alikuwa anamwoza binti yake, akitaka jozi arobaini za leso za sare, rangi moja. "Hizi usizigawe, mwanangu," ulinisihi. Nikakuletea saba, kwa kuwa fomula ilisema saba. Ukazitazama. "Saba n'tawavika kina nani, bibi arusi na somo wa kumfunda?" Nikakujibu, mbele ya wateja wako, kwamba kompyuta haina shangazi. Ukazipanga rafuni.

Wenye harusi wakanunua kwingine. Mwezi ule hukuuza, basi uliofuata fomula ikakupa jozi nne, kisha mbili. Nilikunyima mali halafu nikakuhukumu kwa kutouza. Nikatangaza kwamba Mambrui hakuna biashara. Siku uliyoniletea ufunguo wa duka hukunilaumu. Ulisema tu, "Mie si mvivu, mwanangu." Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Ulikuwa mjane, na duka ndilo lililokuamsha ukajipaka wanja kila asubuhi. Baada ya kulifunga hukumaliza miaka miwili ukatutoka. Sisemi duka ndilo lililokuua. Lakini nilikuona ulivyokuwa mwishoni, hata wanja huna haja nao, na nilijua nimekuondolea nini.

Mwaka huu nimeibadilisha fomula. Kila aina ya leso sasa inakwenda nzima kwenye duka moja, na wenye harusi wamerudi. Juzi baba aliketi kando yangu, akalitazama jedwali, akaniuliza, "Akili hii umeitoa wapi?"

Jina lako lilikuwa mdomoni mwangu, Shangazi. Nikamwambia nimefikiria mwenyewe. Akanisifu, nami nikaipokea sifa yako nikiwa nimekaa kwenye kiti, si juu ya robota kama wewe.

Nisamehe, kama huko msamaha unafika. Mwenyezi Mungu akupe kwa ukamilifu kila nilichokugawia nusu nusu.

Mimi, binti wa kaka yako