Ilivyo, Si Iliyo

9 Februari. Asubuhi ya ukungu. Taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka nilipofika kazini.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Ngazi unazipanda, au bado mmenuniana? Mimi mzima. Kiwandani tunachapa kalenda, nami nasahihisha chapa mpaka naota koma.

Nakuandikia kwa jambo la jana, na nataka uniambie kwamba sikukosea. Katika darasa langu la wakatekumeni, hao wanaojiandaa kubatizwa, yumo kinyozi mmoja, mtu mzima, duka lake liko mtaa wa nyuma ya kanisa. Amefiwa na mkewe. Mama yule alikuwa Mkatoliki, kusoma hajui, ila jioni akipika alimsimulia mumewe habari za Bwana. Mume alikuwa hataki kusikia dini. Amemzika, ndipo akaja kuomba ubatizo.

Jana niliuliza nani anaweza kueleza Ufufuko. Akasimama, akasimulia vizuri hadi waliokaa nyuma wakasogea mbele. Kisha akasema Petro alikataa kuamini mpaka aguse majeraha.

"Tomaso," nikamwambia.

"Mke wangu alisema Petro."

Watu wakacheka. Nami nikaongeza: "Ndiyo maana Injili ni kitu kilichoandikwa, mzee wangu. Mitume walikuwa nayo mkononi walipokwenda kuhubiri. Hayo ya jikoni ni hadithi tu."

Alikaa. Akapangusa suruali yake magotini, ingawa haikuwa na vumbi. Baada ya sala ya kufunga sikumwona.

Shangazi, si nilikuwa sahihi? Katekista akiachia makosa yapite, kesho tutafundisha nini?

Mwanao.

*

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo nami nipo, tunavumiliana kama wake wenza. Jirani ananiletea maji na umbeya, vyote kwa ndoo moja.

Tomaso ni Tomaso, hapo hukukosea. Lakini hilo la mitume kushika Injili mkononi umelitoa wapi? Kwangu hukulipata, binti yangu, na ni mimi niliyekufundisha dini, nikikushika sikio ulipokuwa unasinzia.

Mitume hawakutoka na vitabu kwapani. Bwana hakuwaachia hata kipande cha karatasi. Waliyoyaona na kuyasikia waliyatangaza kwa vinywa. Wakabatiza, wakamega mkate, watu wakaifia imani hiyo, na hakuna hata Injili moja iliyokuwa imeandikwa. Baadaye, mashahidi wakianza kuondoka duniani, Roho yuleyule aliyewafungua vinywa akawaongoza mitume, na watu waliokuwa karibu nao, kuyaweka katika maandishi. Mahubiri ndiyo yaliyoyazaa maandiko. Umemfanya mama kuwa mtoto wa bintiye.

Ndiyo maana sisi hatuchagui kati ya Maandiko na Mapokeo. Chemchemi ni moja. Na hilo neno Mapokeo, wewe mwenye shahada ya koma, lisikilize: yupo aliyetoa, yupo aliyepokea. Mke wa kinyozi hakuyatunga yale jikoni. Aliyapokea kanisani, akampa mumewe. Kama si Injili, ni nini kilichomtoa mwanamume yule kwenye kiti chake akaja kwako?

Sasa nijibu. Jumapili Padre asipofika ukaongoza ibada, kabla ya kusoma Injili unatangaza nini? Niandikie neno kwa neno.

Shangazi yako.

*

27 Februari. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa kuniandikia ukiwa na maumivu.

Jibu ni hili. Nasema, "Somo katika Injili iliyoandikwa na Luka." Kitabu cha masomo kina "ilivyoandikwa", lakini hilo ni kosa la chapa, na mwaka jana nililisahihisha kwa kalamu nyekundu katika kila ukurasa.

Nimeandika sentensi hiyo, kisha kalamu imenigoma.

Iliyoandikwa na Luka: kitu ambacho Luka alikaa akakiandika, kabla yake hakikuwapo. Ilivyoandikwa na Luka: Injili ipo tayari, inatangazwa, watu wanaiishi, na hivi ndivyo Luka alivyoiandika. Injili moja, waandishi wanne. Waliolitafsiri neno lile walijua walichokuwa wakifanya. Mimi nikawafuta kwa wino mwekundu, nikasimama mbele ya watu Jumapili baada ya Jumapili, kwa sauti ya kujiamini.

Uso unaniwaka, na chumbani nipo peke yangu. Nilimwambia mtu aliyefiwa kwamba alichoachiwa na mkewe si kitu.

Hajarudi darasani. Paroko anafunga majina ya watakaobatizwa Pasaka tarehe 22 Machi. Jumamosi nitamfuata dukani kwake.

Mwanao.

*

16 Machi

Mwanangu,

Mimi sijambo. Ulisema Jumamosi. Hukutaja ya mwaka gani.

Shangazi yako.

*

23 Machi. Mvua imeanza alfajiri, nyepesi, na bado haijakatika.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Nilikuwa nikizunguka mtaa wa mbali kwenda kanisani nisipite mbele ya duka lake. Mwizi wa kuku hajifichi vile. Barua yako ilinifikia Jumamosi mchana, na jioni nikaenda.

Duka lilikuwa limejaa. Nilisimama mlangoni nikasema nimekuja kuomba radhi. Hakugeuka.

"Paza sauti, mwalimu. Mashine inapiga kelele."

Nikapaza. Nikasema nilimkosea. Nikasema mitume walihubiri kwa mdomo kabla ya Injili kuandikwa, na kwamba mkewe alimkabidhi imani ileile. Katikati ya maneno akazima mashine, nami nikajikuta napiga kelele katika chumba kilicho kimya, watu wote wakinitazama kwenye kioo.

"Kwa hiyo alichonipa ni nini?"

"Ni Injili."

"Sema tena."

"Ni Injili."

Mteja, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akasema, "Kaka, msamehe dada wa watu. Mimi nina harusi."

"Na lile la Petro?" kinyozi akaniuliza.

Nilitamani kusema uongo. "Hapo alichanganya. Tunajua kwa sababu iliandikwa."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo. "Hata majina ya shemeji zake alikuwa anachanganya." Halafu akaacha kucheka. "Lakini waliomcheka hawapo hapa, mwalimu. Wapo kule."

Jana nikasimama darasani nikayasema yote, pamoja na habari ya kalamu nyekundu. Yeye alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Hakuna aliyecheka, na nilitamani wangecheka. Mama mmoja aliinamisha macho, akaona haya kwa niaba yangu.

Baadaye kinyozi alinifuata mezani ili nimwandikishe. Karatasi ya Paroko ina nafasi ya jina la mtu aliyemfundisha mwombaji imani, na kote nilikuwa nimejaza jina langu mapema, kwa mwandiko mzuri, hata kwenye mstari wake. Akaliona.

"Hapo," akasema, "mwandike mke wangu."

Nikakata jina langu. Aliniambia jina la mkewe polepole, silabi kwa silabi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuliona limeandikwa, naye aliogopa nisije nikalikosea.

Nilirudi nyumbani nikakaa, jina lile likinizunguka kichwani. Shajara yangu, ambayo kila usiku huijaza ukurasa mzima, kwa jana ina mstari mmoja tu: nimelala saa saba na robo usiku.

Mwanao.