Kilele Kilichogoma Kusogea

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Nkoma, Mbale
Kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu tena, saa mbili asubuhi hadi saa saba. Shule imefunga, kimya kizuri. Nimeendesha programu ya hesabu ya tasnifu yangu mara sita. Jibu lile lile: mwangwi wa mwanga unatoka papo hapo, kilele cha mchoro kimeganda kwenye sifuri. Vipimo tulivyoletewa kutoka ng'ambo vinasema unachelewa. Nimechoka, wallahi.

Jumanne, 5 Agosti
Barua ya Profesa, msimamizi wangu, kutoka Kampala. Mistari mitatu. Kama hesabu yangu haitaonyesha huko kuchelewa kufikia Ijumaa ya tarehe kumi na tano, sura ya nne inaondolewa kwenye tasnifu. Sura ya nne ndiyo kazi yangu mwenyewe! Nyingine ni muhtasari wa kazi za watu. Anaongeza kwamba huenda mada imenizidi kimo. Imenizidi kimo! Mimi niliyefundisha fizikia miaka tisa! Nimekasirika hadi chai imepoa.

Jumatano, 6 Agosti
Kurasa kumi na moja kwa mkono. Niandike kwa maneno matupu, labda nitaona kosa. Leza inazigonga molekuli za rangi ndani ya kimiminika. Zinaanza kutikisika pamoja, lakini kila moja kwa kasi yake, basi zinaachana. Ndiyo maana mstari wa spektra, yaani wa mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi, unakuwa mpana. Pigo la mwisho la leza linazigeuza, na zikikutana tena, huo ndio mwangwi. Zangu hazikutani. Upana wa mstari uko sahihi kabisa. Alama za kujumlisha na kutoa ziko sawa. Kosa silioni. Labda kweli mimi mjinga.

Ijumaa, 8 Agosti. Jinja
Nimekuja Nalufenya kwa Mama. Ni sajenti wa magereza, anafundisha gwaride askari wapya wa kike. Kaniangalia usoni: "Umekonda kama mfungwa. Kula." Nimekula.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi nimemfuata Mama uwanjani. Kawaanzisha wote kwenye mstari wa chokaa, kila mtu aende kwa hatua yake, bila kuhesabu. Wakatawanyika. Warefu mbele, wafupi nyuma, aibu tupu. Mama akapaza sauti: "Nyuma, geuka!" Waliotangulia sasa wako nyuma. Wakarudi, na wote wakafika kwenye chokaa kwa pamoja! Isipokuwa mmoja.

"Na yule, Afande?" nikamuuliza Mama.

"Yule kabadilisha hatua njiani. Wenzake wanakumbuka hatua zao."

Wanakumbuka. Jamani! Nimekaa chini kwenye nyasi. Kwenye programu, kimiminika changu nilikipa kumbukumbu sifuri, mwaka juzi, ili hesabu iwe nyepesi. Uvivu! Halafu nikasahau. Kwa hiyo molekuli zangu zote zinabadilisha hatua njiani, kila mara, kama yule dada. Upana ukabaki sahihi, ndiyo maana nikadanganyika.

Mama kauliza kama naumwa.

Jumatatu, 11 Agosti. Mbale
Nimeifuta ile kumbukumbu sifuri. Nimeweka inayofifia taratibu. Umeme umekatika saa nne, umerudi saa sita. Nimeendesha.

KILELE KIMESOGEA!

Nimeweka nukta za vipimo juu yake. Mchoro unapita katikati ya nukta. Nimepiga kelele, mlinzi wa shule kaja mbio na fimbo. Nimemkumbatia, maskini. Nani kazidiwa kimo sasa?

Jumanne, 12 Agosti
Nimeipeleka hesabu Kampala mwenyewe. Posta siiamini. Profesa kasoma, kisha karudia kusoma. Kauliza maswali manne, magumu. Nimejibu yote, la mwisho kabla hajamaliza kuuliza. Kasema atanijulisha. Nimetoka kifua mbele, nikatembea hadi kituo cha basi nikicheka peke yangu. Watu wakaniangalia. Waangalie.

Jumatano, 13 Agosti
Hakuna neno.

Alhamisi, 14 Agosti
Hakuna neno. Nimefua hata mapazia.

Ijumaa, 15 Agosti
Profesa kapiga simu shuleni saa tano. Sura inabaki. Anataka tuiandike iwe makala, na jina langu litangulie lake. Nimesema ahsante.

Mvua imeshuka kutoka mlima Wanale. Nimevua viatu. Nimelala mchana.