Wa Pili Haulizi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Darasani siku nzima. Ajali za zamani, kama kila mwaka. Derek, msimamizi wetu wa zamu, na slaidi zake zilezile — Chernobyl, Fukushima. Nilikuwa nasinzia, kahawa ya kantini haina nguvu hata kidogo. Kisha akafika Three Mile Island, Marekani, 1979. Valvu mbili za maji ya akiba zilifungwa kwa ajili ya jaribio, zikasahauliwa. Siku mbili baadaye pampu zikawaka na maji hayakwenda. Dakika nane! Taa moja ya kuonyesha ilifunikwa na kikaratasi cha matengenezo. Derek akasema hiyo haikuwa sababu kubwa ya ajali. Lakini kwa dakika nane watu wazima waliamini kitu ambacho hakuna aliyekwenda kukitazama.

Usingizi ukaniisha.

Alhamisi iliyopita mimi na mwenzangu wa zamu, Mzee Ndegwa, tulimaliza jaribio la pampu ya akiba, ile ya chumba cha chini. Yeye afungue valvu tena, asaini. Mimi niende baadaye, peke yangu, niishike kwa mkono, nisome namba, nisaini. Ndiyo sheria ya kinu chetu cha nyuklia: wa pili haulizi wa kwanza, anakwenda mwenyewe.

Sikwenda.

Mzee alikuwa ameshavua glavu. "Iko wazi, mama. Saini hapo twende chai. Ama hunitrust?" Akacheka. Sasa ningefanyaje? Nichukue kofia, nikakague kazi ya Mzee Ndegwa mbele ya macho yake? Mtu aliyenipokea uwanja wa ndege nilipohamia huku, na koti la baridi mkononi! Aliyekaa kwenye kiti cha baba yangu siku ya ruracio, ya mahari yangu, ukumbi wa kanisa hapa Agincourt, baba mwenyewe akiwa Meru kwenye simu. Angekuwa Derek ningekwenda mbio. Kwa Mzee, kwenda ni kumwita mwongo. Nikasaini.

Valvu iko wazi bila shaka. Miaka thelathini na minne kazini, huyo mzee. Iko wazi.

Jumanne, 11 Machi

Off. Nimeosha jiko mara mbili. Nikasafisha kabati la dawa, nikakuta vidonge vya iodini, vya kukinga mionzi, tulivyoagiza mwaka juzi, bado kwenye bahasha. Jeptoo akaviona. "Mom, are those the nuclear pills?" Nikamwambia ni vya akiba tu, kama mwavuli. "But you work there. So you'd know first, right?" Miaka tisa na maswali ya wakili! Nikamtuma akafanye homework.

Nimemwambia mume wangu Kiptoo. Nilitaka aseme si kitu. Yeye ni nesi, akaniangalia vile anavyoangalia mgonjwa aliyeruka dozi. Akasema wao insulini wanahakiki wawili, na wa pili haambiwi namba, anasoma sindano mwenyewe. Nikasema najua. Akasema, "Sasa si uende tu uangalie? Kesho uko zamu."

Rahisi kwake! Nimekasirika naye jioni yote na hajafanya kosa lolote.

Jumatano, 12 Machi

IMEFUNGWA.

Niandike polepole. Saa nne asubuhi nilisema nakwenda kuangalia uvujaji, nikashuka chumba cha chini. Joto, kelele. Nikasoma namba. Hiyohiyo. Shina la valvu limezama ndani, hata mtoto angeona. Nikaishika. Haikuzunguka kuelekea kufunga hata unywele mmoja. Imefika mwisho.

Siku sita! Siku sita pampu ya akiba ingewaka na kusukuma maji ukutani.

Na hapa ndipo naona haya. Mkono ulibaki kwenye gurudumu. Mizunguko kumi na minne na iko wazi. Hakuna kamera. Hakuna mtu. Dakika moja, halafu chai, halafu Mzee anastaafu tarehe nne Aprili na keki yake. Nilihesabu mpaka kumi na nne bila kuzungusha. Sijui nilisimama muda gani.

Kisha nikapiga simu chumba cha udhibiti. Nikasema namba ya valvu na hali yake, wakarudia maneno yangu, nikarudia yao, kama tulivyofundishwa. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Wananisifu! Derek kanipa mkono. Jicho zuri, Gakii. Pampu ya pili ya akiba ilikuwa salama muda wote, hakuna mtu wa nje aliyekuwa hatarini. Sawa. Asante Mungu. Lakini wakisoma fomu ya Alhamisi wanaona sahihi mbili, ya Mzee na yangu. Kwa hiyo kwao valvu ilikuwa wazi Alhamisi. Kwa hiyo kuna mtu aliifunga baadaye.

Nani aliingia chumba kile? Mafundi rangi wa kontrakta, Jumamosi. Watatu. Wawili walikuwa upande wa ngazi. Aliyepaka karibu na pampu ni Armel, Mkongo anayekaa North York. Leo asubuhi wamechukua kadi yake ya geti.

Sikusema kitu. Nilikuwa na mdomo, na sikusema kitu.

Mchana akaja Nilofar, mkaguzi wa serikali, ana ofisi yake mle ndani ya kinu. Mama mdogo wa mwili, miwani kichwani. Kasoma beji yangu, kaniuliza kwa Kiswahili — Kiswahili! — "Wewe wa Kenya? Wazazi wangu wa Kisumu. Siku hizi tuko Unionville." Akacheka, eti chake ni Kiswahili cha jikoni. Kisha akaacha kucheka. Jumatatu atatuhoji, Mzee na mimi, mmoja mmoja, kwa Kiingereza na maandishi. "Leo nakwambia pole tu. Ulipata mshtuko, naona."

Aliona. Yule mama anaona.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee kaja nyumbani. Hakupiga simu kwanza, na si kawaida yake. Kaleta maembe kutoka duka la Wahindi hapa Agincourt, Jeptoo kamrukia shingoni. Nikachemsha chai. Kiptoo akamchukua mtoto wakaenda maktaba, ana akili mume wangu.

Mzee alizungusha kikombe bila kunywa. Akaanza na kanisa, na keki ya tarehe nne, na jinsi Derek alivyomwomba aandae hotuba. Nikangoja. Mwisho akasema anaapa aliifungua. Halafu akasema anadhani. Halafu akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaifungua, ikatetemeka.

"Tangu January huu mkono unanisumbua. Hilo gurudumu ni gumu. Wakaniita kwa radio nikiwa nalo. Maybe sikurudi."

Nikamuuliza mbona hakumwambia yeyote kuhusu mkono. Akasema, na wewe mbona hukuenda kuangalia? Si kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nikasema, "Kwa sababu ni wewe, Baba."

Kisha akasema lile lililomleta. Jumatatu niseme nilikwenda. Nilikwenda, nikaishika, ilikuwa wazi. Wawili tukisema hivyo imekwisha, hatakuwepo mtu wa kutupinga. Nikamwuliza, na Armel? Akasema kijana wa kontrakta atapata kazi kwingine, hao hawakosi. Hakuniangalia aliposema. Najua anajionea aibu, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikataka kusema ndiyo ili tu aache kukunja huo mkono.

Nikasema nitafikiria. Nitafikiria! Kana kwamba ameniuliza kuhusu rangi ya keki.

Nampenda huyu mzee. Niliandike hapa lionekane. Nampenda na nimemkasirikia hadi meno yananiuma.

Jumamosi, 15 Machi

Armel kapiga simu. Namba kapata kwa watu wa kwaya. "Dada Gakii, mimi sikugusa kitu. Parole, naapa. Nilipaka ukuta, nikaenda. Wanasema ni wewe uliona ya kwanza, basi uwaambie, wewe wanakusikia." Nyuma yake watoto wanapiga kelele, mmoja analia. Nikasema pole. Akashukuru! Nimekata simu nikakaa kwenye ngazi za basement na kikapu cha nguo.

Ananishukuru mimi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa. Mchungaji katangaza sherehe ya Mzee, watu wakapiga makofi. Mzee kasimama, kainua mkono wa kushoto.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, bibi alikuwa anatuambia. Mimi nilisikia la mkuu, na guu linaelekea kuvunjika vilevile. Derek alisema Jumatatu ile kwamba baada ya Fukushima Wajapani wenyewe walijilaumu kwa mazoea ya kutompinga mkubwa. Nilipoandika hilo kwenye daftari nilifikiria Wajapani tu! Hata kidogo sikujifikiria mimi na chai yangu.

Kiptoo kaniuliza nitasema nini. Nikamwambia sijui. Akasema wakinifukuza tutaishi. Kisha akaenda kukata yale maembe, hakuna aliyeyagusa tangu Ijumaa. Tukala watatu, yalikuwa matamu sana.

Jumatatu, 17 Machi

Korido ya ofisi ya Nilofar. Viti viwili, theluji yenye matope sakafuni. Wamemwita Mzee kwanza. Bila shaka. Yeye wa kwanza, mimi wa pili, kama fomu.

Yuko ndani dakika arobaini sasa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Sisikii kitu, mlango ni mzito. Kama amesema aliifungua na mimi nikasema sikwenda, nitakuwa nimemzika mwenyewe, wiki tatu kabla ya keki. Kama amesema ukweli na mimi nikasema nilikwenda, mimi ndiye mwongo peke yangu. Nikijua alichosema ningejua la kusema. Natamani kujua! Mungu wangu, natamani kujua neno moja tu.

Mlango.

Katoka. Macho mekundu. Mkono wa kulia umo mfukoni. Akakaa kwenye kiti cha pili, karibu, akaniinamia. "Mama, sikiza, nimewaambia—"

Nimemwekea kiganja kifuani, mimi, mtoto. Nimesema, "Usiniambie, Baba. Tafadhali. Wa pili haulizi."

Ananitazama. Sijui kama ameelewa. Nadhani ameelewa, maana ameutoa ule mkono mfukoni na kuuweka gotini, wazi, unatetemeka, hauzuii tena.

Nilofar yuko mlangoni. Ameita jina langu. Ana fomu ya Alhamisi mkononi, naiona sahihi yangu toka hapa, nzuri, imenyooka. Naingia.