Baba Pendo, Ule Mpaka Ulioutaka

Baba Pendo wangu,

Huko uliko barua hazifiki, hilo nalijua. Ila nimechoka kuongea na wewe kichwani huku napalilia mpunga. Juzi jirani yetu Mama Minza alinikuta shambani nabishana peke yangu, akaniuliza, "We, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na mume wangu. Akaguna, akashika njia yake. Basi leo nimechukua daftari la Pendo lililobaki kurasa, naandika. Na nikuambie mapema: nina hasira na wewe.

Unakumbuka ile masika, mtoto wa mwalimu alipochukuliwa na maji akivuka mto kutoka mlimani kuja shuleni kwetu huku bondeni? Wewe ndiye uliyeruka na suruali yako ya kanisani, ukamvuta kwa mkono, ukatoka na kiatu kimoja. Wiki ile ile kikao kikaitwa. Shule moja imefurika watoto, wakasema, ijengwe nyingine mlimani karibu na lami, watoto wagawanywe. Watu wakabishana mpaka upite wapi. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nikakuvuta shati usisimame, ukasimama. "Mpaka uwe mto," ukasema. "Wa mlimani wasome mlimani, wa bondeni wasome bondeni. Mtoto asivuke maji tena." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, jamani. Nani angekataa jambo kama lile?

Na matofali yao ukafyatua wewe. Mlimani kuna changarawe tu, udongo mzuri uko kwetu, kwa hiyo shule yao ilitoka bondeni tofali kwa tofali. Kila kaya ilipangiwa siku ya nguvu kazi. Yetu ilikuwa Jumatano, lakini wewe ulikwenda Jumatano na siku za wengine. Nilikuletea ugali na dagaa kwenye tanuru, ukala umesimama, uso umejaa majivu. Nikakuuliza, "Baba Pendo, hao ni watoto wako?" Ukanijibu kwa Kipimbwe ukijua sielewi, ukacheka, halafu ukanitafsiria: "Na wao ni wetu." Ndivyo mlivyolelewa huko kwenu Usevya, labda. Mimi naamini kifua chako kilianzia kwenye ule moshi, hata kama daktari alisema mengine. Shule ilipoezekwa bati ulikuwa umeshazikwa.

Siku uliyompeleka Pendo darasa la kwanza ulirudi unacheka mwenyewe njia nzima. Dawati moja alikaa Pendo wetu, akakaa Minza wa Wasukuma, akakaa mtoto wa bwana afya. Nyuma yao kulikuwa na yule binti ambaye wazazi wake walitoka kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, bibi yake bado anasali kwa Kirundi. Mwezi haujaisha Pendo anahesabu kuku wetu kwa Kisukuma. Ukasema, "Huyu atakuwa mbunge, kila kabila litampa kura." Tukacheka weee.

Tena haikuwa lugha tu. Mwalimu akikosa siku tatu, bwana afya na mwenye duka mmoja, wote wa mlimani, walikwenda ofisini kuuliza, sisi wengine nyuma yao tukitikisa vichwa. Wao walijua kuongea na mwalimu mkuu. Uji wa shule ulipikwa kwa mahindi ya wazazi wote, na wenye nacho walileta zaidi bila kuambiwa, maana na watoto wao walikunywa kikombe kile kile. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shule yenyewe. Nilidhani shule ni majengo.

Shule mpya ilipofunguliwa, watoto wa mlimani waliondoka wote asubuhi moja. Pendo alirudi akaniambia, "Mama, kwenye dawati tumebaki wawili." Nami, mjinga mimi, nikafurahi, nikasema sasa mtakaa kwa nafasi.

Walianza walimu. Wawili wazuri walikuwa wanaishi mlimani, wakaomba wahamishiwe karibu na kwao, na mtu utamlaumu vipi? Ukafuata uji, ukawa wa wiki mojamoja, halafu sufuria likafunikwa. Kamati ya shule tumebaki sisi, tunaitwa tunasaini. Siku moja nilijikaza nikaenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kwa nini darasa la Pendo limeunganishwa na lingine. Nikafika mlangoni, nikamwamkia, akaniuliza shida yangu. Nikasema nilikuwa napita tu. Bwana afya asingesema anapita tu.

Matokeo ya darasa la nne yalipobandikwa ukutani, wa mlimani walichinja mbuzi. Sisi tulisoma karatasi yetu tukarudi nyumbani. Sasa mjini wanasema watoto wa bondeni hawana akili, wazazi wao wanapenda ng'ombe kuliko shule. Yaani watoto wale wale, Baba Pendo! Wale wale waliokuwa wanawasaidia wenzao wa mlimani hesabu, mwaka mmoja nyuma, wamekuwa wajinga kwa kuwa wamekaa upande huu wa mto.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwomba kikao kikae upya, mpaka usogezwe, au watoto wachanganywe kama zamani na kivuko kijengwe. Alinisikiliza vizuri tu, sio mtu mbaya. Akafungua kabati, akatoa daftari la mihtasari, akanisomea. "Mama Pendo, huu mpaka aliuomba mumeo mwenyewe. Huyu hapa, jina lake." Nikatoka. Kufa kwako kulinitosha. Sasa na hili nalo nilibebe mbele za watu.

Kwa hiyo nimefanya wanachofanya wengi. Dada yangu Restuta, unamjua alivyo, ameolewa kule mlimani, nyuma ya kanisa. Akaniambia, "Nipe mtoto, nitamwandikisha kama wangu." Kwa mlimani barua ya mwenyekiti ya kuandikisha mtoto haitoki mpaka mtoto awe analala pale kweli, na wapo waliodanganya, watoto wao wakasimamishwa mbele ya darasa wakarudishwa. Nikafunga nguo za Pendo kwenye kitenge, nikamvusha mto mwenyewe. Njiani nikamfundisha: ukiulizwa, mama yako ni Restuta. Mimi ni mama mdogo. Akaniuliza, "Na baba?" Nikamwambia baba usimtaje. Nisamehe kwa hilo kama unaweza, mimi mwenyewe sijaweza.

Anasoma vizuri. Hilo siwezi kulikana. Anasoma gazeti bila kusita, ana mwandiko wa kunyooka. Ila Kisukuma kimemtoka, na kule hakuna wa kumkumbusha, darasa zima ni watoto wa ofisini na wa maduka. Jumamosi moja alipita sokoni na wenzake, mimi na Mama Minza tunauza mchele, Minza amekaa juu ya gunia. Minza akamwita kwa furaha. Mmoja wa wale wenzake akauliza huyo nani, na mwanao akajibu, "Wa bondeni." Halafu akanigeukia mimi, akapiga goti kidogo kama tulivyomfundisha. "Shikamoo, mama mdogo." Nikaitikia marahaba. Mama Minza aliangalia mchele wake. Binti yake hana mama mkubwa mlimani.

Nilijiambia ni mbele ya watu tu. Jumapili iliyopita Restuta akamruhusu aje kushinda na mimi. Tulikuwa wawili tu ndani, mlango nimeurudishia. Nilimpikia wali na samaki wa kukaanga, nikamwekea mkekani, nikamnawisha mikono. Akapokea sahani kwa mikono miwili. "Asante, mama mdogo."

Nikasubiri acheke. Hakucheka, alikuwa ameshaanza kula, na wala hakujua amesema nini. Nilitaka kumwambia niite mama, tupo peke yetu. Nikaogopa, Baba Pendo. Akizoea kuniita mama hapa, kesho itamponyoka darasani, nao watamrudisha bondeni. Nikamwongezea samaki.

Pumzika, mume wangu. Sina la kukuomba.

Ni mimi,
Mama Pendo