Mzigo Niliouita Keki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Motomachi, Hakodate. Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2019. Yameanza kuandikwa saa 9:02 alasiri.

Jina: Morishige Takuji
Umri: Miaka 66
Kazi: Mwenye karakana ya kutengeneza springi, wafanyakazi sita
Makazi: Higashi-Osaka. Hapa ni msafiri.

Kilichopotea ni nusu ya mifupa ya mke wangu Fumie, iliyobaki baada ya kuchomwa. Imepotea leo saa 7:40 mchana katika mgahawa wa Kifaransa ulio juu ya mteremko huu. Mimi nimejua saa 8:01. Imo ndani ya kijungu cheupe cha kaure, ndani ya kisanduku cha mbao, kimefungwa kwa kitambaa cha zambarau. Uzito wa vyote ni gramu 620. Nilipima mwenyewe.

Fumie alifariki tarehe 22 Agosti. Kesho ni siku ya arobaini na tisa. Saa 4:00 asubuhi mtawa wa hekalu la kwao, hapahapa Hakodate, na kaka zake wawili wananingoja, tumzike karibu na mama yake. Siku hiyo haisogezwi.

Meza ya mgahawa ule niliiwekea nafasi mwezi Juni, yeye akiwa hai, kwa sababu leo tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Alipokuwa msichana aliosha sahani jikoni mwa mgahawa ule miaka miwili, na hakuwahi kukaa mezani. Alikuwa akiniambia, "Mzee wangu, supu yao nimeinusa miaka miwili. Siku moja nami niinywe." Kwa hiyo sikuifuta nafasi. Niliiacha ibaki ya watu wawili.

Mnamo saa 5:54 niliingia. Msichana wa kupokea makoti, kwa jina Narumi, alininyooshea mikono miwili. "Karibu, bwana. Na hicho nikupokee? Kama ni cha kuharibika tutakiweka baridini."

Nia yangu ilikuwa kumweka Fumie kwenye kiti cha pili. Lakini nyuma yangu walisimama akina mama wawili wa makamo, mtu na dada yake, wasafiri kama mimi. Mdogo alikuwa na boksi la keki za jibini walizonunua mjini. Mkubwa alimwambia, "Leo ukila siagi kama jana, treni ya saa 10:44 itakukataa." Mdogo akamjibu, "Itaanza kukukataa wewe, dada. Mimi nitapanda kwa huruma." Wakacheka. Watu wamekuja kufurahi. Sikuweza kutaja mifupa mbele yao.

Nikasema, "Ni keki tu."

Maneno hayo ni yangu, afande. Yaandike hivyohivyo.

Narumi aliutia mzigo wangu kwenye mfuko wa karatasi wa mgahawa, na boksi la wale ndugu kwenye mfuko mwingine kama huo, akaipeleka yote kwenye friji ya jikoni. Fumie alikuwa mtu wa kusikia baridi. Hata mwezi wa tano alilala na soksi mbili.

Mezani Narumi aliuliza, "Mama yuko njiani?" Nikasema atachelewa kidogo. Sahani zilikuwa sita, na kwa kila sahani aliuliza, "Tumsubiri mama?" nami nikajibu, "Leta tu." Supu ilikuja saa 6:31. Yangu niliinywa. Yake ilipoa mbele ya kiti kitupu. Mlango wa jikoni ulikuwa mita nne kutoka nilipokaa. Nilimleta kutoka Osaka aje akae mezani, nikamrudisha jikoni.

Wale ndugu waliondoka saa 7:40. Mimi niliondoka saa 7:52. Narumi na meneja, Bwana Usami, walinisindikiza hadi nje, wakanikabidhi mfuko, wakainama. Hawainui vichwa mpaka mgeni apinde kona, na upepo ulikuwa mkali, basi nilienda mbio nisiwatese. Mkono wangu umepima springi miaka thelathini na minane. Ulijua palepale mlangoni kwamba mfuko ule haufiki gramu 400. Kichwa ndicho kilikuwa kinashughulika na adabu. Nilifungua kwenye kituo cha tramu. Keki nne za jibini na pakiti ya barafu.

Nilirudi saa 8:09.

"Bwana Usami, wapigie simu."

"Mzee, majina na namba za wateja hatutoi. Naomba utuelewe."

"Sijaomba namba. Piga wewe."

"Suala hili tunalitazama kwa uzito wake."

"Mnalitazama, au mnapiga?"

Alishusha macho. "Wale wageni wako kwenye starehe yao. Nitaanzaje kuwaambia wamebeba kitu kile?"

Narumi alikuwa amesimama nyuma yake, analia bila sauti. Nami sikuweza kumkasirikia Usami kiasi nilichotaka. Aibu iliyomfunga mdomo ndiyo iliyonifunga mimi saa 5:54.

Wale ndugu wataufungua mfuko ndani ya treni, wakitaka kula. Kitu kikimtia mtu hofu, hukiondoa mbele yake. Watakiacha chini ya kiti, au watakitupa stesheni ya kwanza. Sina tumaini kubwa, na kesho sijui nitawaambia nini kaka zake.

Siombi radhi, wala sitaki bei ya chakula. Namtaka Bwana Usami ajibu: amepiga au hajapiga, na mke wangu yuko mikononi mwa nani. Jibu lifike hapa kabla ya saa 10:15. Nikiwafuata stesheni bila jibu, huenda wao wanaurudisha mfuko huku. Kwa teksi mpaka stesheni ni dakika 14. Zitabaki dakika 15 za kumtafuta ndani ya mabehewa. Akijibu saa 10:30, asijibu kabisa.

Nimeyasema haya kwa kinywa changu, na palipo na kosa langu sikupunguza.

(Sahihi) Morishige Takuji
Alama ya kidole cha shahada. Muhuri wake wa jina ameuacha nyumbani.

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Mgahawa umepigiwa simu saa 9:35. Wamesema watapiga wao. Kwenye nafasi ya thamani kwa yeni, shahidi ameomba pabaki wazi. Amekataa chai. Amekaa kwenye benchi linalotazama saa ya ukutani.
Sajini Kumagai, saa 9:41 alasiri.