Baba, Tumeuona Uso Uliokuwa Chini ya Rangi

Mwaka umetimia, Baba, tangu uliposimamisha brashi kwenye kopo la tapentaini, ukasema unajinyoosha kidogo, usiamke tena. Brashi ilibaki koponi. Fundi mwanao alijua fika kwamba brashi ikiachwa hivyo hupinda nywele, maana wewe ndiye uliyemfundisha, lakini naye hakuthubutu kuiondoa. Mama kila alipopita alilifuta kopo vumbi kwa ncha ya khanga, kisha akaendelea na shughuli zake.

Mji huu bado unasoma mwandiko wako. Duka la dawa, geti la shule, zahanati anakofanya kazi kitinda mimba wako, vyote vina ile N yako inayotanguliza mguu mmoja mbele kidogo, kama mtu anayetaka kuondoka lakini hajaaga.

Tunaukumbuka ugumu wako wa kushika rangi. Kila neno uliliandika kwanza kwa chaki, ukamwita mwenye kazi, ukamsimamisha mbele ya ukuta na kumwambia asome kwa sauti. Yule mama wa saluni alikuwa karibu kulia.

“Mzee wangu, ni ‘Saluni’ tu! Nisome mara ngapi?”

“Soma tena, mama. Bado ni chaki.”

Tulicheka siku hiyo. Tulidhani ni uzee.

Tunavikumbuka pia vichwa ulivyowachorea vinyozi. Mtindo wa nywele ulibadilika, lakini uso ulikuwa ule ule: paji pana, macho ya mtu aliyetoka kusikiliza jambo zito, na sikio la kushoto lililosimama kama dirisha lililosahauliwa wazi. Vijana wa mtaani walikutania: “Mzee, huyu jamaa wako ananyolewa kila mahali na bado nywele hazimwishi!” Ulitabasamu, ukazidi kulikoleza sikio.

Na mabomba, Baba. Mfuko wa shati lako ulikuwa na vipande vya mpira vya kuzibia mabomba siku zote, na koti lako la misibani lilining’inia upande mmoja kwa uzito wa spana. Bomba la mtaa likianza kuvuja, hukungoja mtu. Ulipiga magoti kwenye tope, ukalifungua, ukalifunga, ukaondoka kabla ya kushukuriwa. Mama husimulia kwamba hata siku ya harusi yenu ulifika umelowa mikono yote miwili. Wajomba wakanong’ona kwamba binti yao anaolewa na fundi bomba aliyejificha.

Jambo moja tu hatukulielewa. Kampeni zilipofika, mafundi wenzako walichanua. Wewe ulifunga karakana. Wagombea walikuja na madereva na makofia, wakagonga mlango.

“Fundi yupo?”

“Fundi anaumwa.”

“Si ndiye wewe fundi?”

“Ndiyo. Naumwa.”

Kwa hiyo kitinda mimba wako, mkunga, alipokuja kukueleza lake, alijua anaingia mlango mwembamba. Ilikuwa majuma machache kabla hujatutoka. Alikaa kwenye benchi lako lenye madoa, akakuambia anataka kugombea udiwani. Hukuacha kukoroga rangi. Ulimuuliza, “Utaandika nini kwenye bango?”

“Maji, barabara na ajira kwa wote, Baba.”

Kijiti kikasimama kwenye rangi. Ukageukia ukutani, ukakaa hivyo, naye akangoja mpaka akachoka, akachukua mkoba wake na kutoka. Alimwambia dada yake kwa simu, “Amenipa kisogo.” Alipanga arudi kukuuliza tena. Hakuwahi. Alikuzika na hilo moyoni, na kila aliyemwona akilia siku ile alidhani analia kama sisi wengine.

Matanga yalipokwisha alimwendea kaka yake amchoree bango.

“Siwezi,” Fundi alimjibu. “Baba hakumchorea mwanasiasa hata nukta.”

“Mimi si mwanasiasa, mimi ni mdogo wako.”

“Na ukishapanda jukwaani utakuwa nani?”

“Basi nitatafuta fundi mwingine.”

“Tafuta. Ila huyo mwingine asiingie kwenye karakana ya Baba.”

Tangu hapo wanao wawili wakawa wanasalimiana kupitia kwa Mama. “Mwambie mwanao chai imepoa.” “Mwambie mwanao nimeshasikia.” Mama akawa anabeba maneno kutoka chumba hadi chumba. Katika nyumba uliyoizoesha kelele za redio na kuimba kwako kusikofuata sauti, huo ulikuwa ukimya wa pili baada ya wa kwako.

Kifungua mimba wako, yule uliyemwita Profesa kabla hajajua kufunga viatu, aliomba ruhusa chuoni akaja mapema kuandaa kumbukumbu hii. Alimkuta Fundi uani, ameushusha ule ubao wa juu ya mlango wa karakana na kuulaza juu ya viti viwili. Mvua zilikuwa zimeingia nyuma ya rangi, zikaivimbisha kama ngozi iliyoungua. Alitaka kuupaka upya kwa heshima yako.

Wewe ulimfundisha kukwangua rangi ya zamani kabla ya kupaka mpya. Ubao wako peke yake hukuutendea hivyo. Kila mwaka uliupaka juu kwa juu, mpaka ukawa mnene kama mkate. Fundi hakujiuliza sababu. Alishika kisu cha kukwangulia, akaanza kwenye kona ya juu, kwanza bluu, kisha kijani, kisha nyekundu iliyopauka.

Halafu akaacha. “Dada,” alisema taratibu, “humu kuna mtu.”

Lilikuwa jicho. Profesa aliinama. Wakaendelea pamoja, yeye kwa kitambaa chenye tapentaini, mdogo wake kwa kisu, hadi paji likaonekana, na pua, na mdomo uliofungwa.

“Ni Baba,” alisema Fundi. “Alijichora akiwa kijana.”

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na sufuria mkononi. “Siye,” alisema. “Hilo sikio si la mume wangu.”

Ndipo walipomtambua. Alikuwa yule jamaa wa vinyozi, anayenyolewa kila mahali. Chini ya kidevu chake zilikuwamo herufi kubwa za mkono ambao ulikuwa bado haujakomaa, na N yake ilikuwa tayari imetanguliza mguu: MAJI KILA NYUMBA. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mtu na maneno “Chaguo Lenu”.

Jina hilo Profesa alilijua. Amekuwa akilitaja darasani mwaka hadi mwaka, anapofundisha historia ya mabunge, kama mfano wa mwakilishi aliyeahidi asichoweza na kuangushwa kwa zomeazomea. Halikuwa jina letu. Sisi tunatumia jina la ukoo wa mama yako, na wewe ulituambia tu kwamba baba yako alikuwa “mtu wa kazi za watu”. Tulidhani alikuwa kibarua.

Mchana alifika Shangazi, dada yako, kwa ajili ya kumbukumbu. Tulimpeleka uani bila kumwambia kitu. Aliutazama ubao. Akavua viatu, akaweka mkoba chini, akapiga goti kidogo kama msichana.

“Shikamoo, Baba,” alisema.



“Shangazi, huyu ni babu yetu?” Profesa aliuliza.

“Mlidhani baba yenu aliokotwa? Huyo ni babu yenu, mbunge wa muhula mmoja. Na mama yake babu yenu aliwasemea wanawake wa sokoni mpaka wakuu wa mji wakimwona wanabadilisha njia. Na yule bwana mnene aliyekaa nyuma kabisa msibani, mkamdhania mteja? Binamu wa baba yenu. Alikuwa meya. Ukoo mzima huu ni midomo na majukwaa, wanangu. Mmoja tu ndiye aliyenyamaza.”

“Kwa nini alinyamaza?”

Shangazi alikaa kwenye benchi lako. Akatueleza, Baba, ulichomwapisha asikieleze ukiwa hai.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Huo ubao ulikuwa kazi yako ya kwanza. Babu alikuagiza uandike MAJI KILA MTAA, bomba moja kila mtaa, kwa sababu hilo alikuwa amelipima na kujua linawezekana. Uliuchora uso vizuri mno. Kisha ukaanza maneno, na “mtaa” ikawa fupi. Upande wa kulia likabaki pengo, na wewe, fundi kijana unayetaka mstari ujae, ukafuta na kuandika “nyumba”. Ikakaa sawasawa, ukingo hadi ukingo. Hukumwita mtu asome.

“Baba aliliona bango likiwa limeshatundikwa,” Shangazi alisema. “Mimi nilikuwa pale. Alilitazama muda mrefu. Kijana wake amesimama chini ya ngazi, rangi puani, anangoja kusifiwa. Baba akamwambia, ‘Zuri sana. Liacheni.’ Ni hivyo tu.”

“Hakumweleza kosa?”

“Hakumweleza. Mwenyewe aliligundua watu walipoanza kuuliza. Babu yenu alileta bomba kila mtaa, wanangu. Kila mtaa! Lakini watu walikuwa na bango lao. Walikuja na ndoo tupu, wakazipiga kama ngoma mbele ya nyumba: maji ya nyumbani yako wapi? Angeweza kusema ni mtoto aliyekosea. Hakumtaja hata mara moja, hata kwetu. Kiti kikaenda. Akafa watu wakimwita mwongo.”

Wewe ndiye uliyeushusha ubao, alisema, ukaubeba kichwani hadi kituo cha basi, ukaja mji huu na jina la upande wa mama. Ulimwambia Shangazi, “Sitaki wanangu waulizwe maji.”

Fundi alikiweka chini kile kisu. Hatujawahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya maziko. Profesa alikuwa akizifikiria mara zote alizokutaka usome kwa sauti ulichoandika, nawe ukamjibu, “Nimeshasoma, soma wewe.” Alikuwa akilifikiria jina la babu yake alivyolitamka darasani, kwa chaki mkononi, bila kumwuliza mtu. Muhula ujao atalieleza upya, pamoja na mabomba aliyoyaleta.

Mkunga wako alifika akitoka zamu, bado na sare. Kwenye kona alikuwa amelikuta bomba la mtaa linavuja, na wewe hupo, kwa hiyo amejaribu mwenyewe. Sketi ilikuwa imelowa hadi kiunoni.

“Jirani ameniuliza kama na hii ni kampeni,” alimwambia Mama. “Nikamwambia, shikamoo bibi, kwanza niazime spana.”

Kisha akauona ubao, na nyuso zetu, na kaka yake mwenye macho mekundu. Shangazi akaanza upya kwa ajili yake. Alisikiliza amesimama, maji yakimdondoka. Ilipofikia pengo la upande wa kulia alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

“Kwa hiyo aliniuliza kweli,” alisema. “Utaandika nini kwenye bango? Hakunipa kisogo. Alikuwa anauliza.”

“Alikuwa anaogopa, mwanangu,” Mama alisema. “Mimi nililala naye miaka yote hiyo. Mwaka wa kampeni alikuwa hali chakula.”

Hatujui, Baba, kama ungempa baraka. Hatutaki kukusemea, umesemewa vya kutosha na ukimya wako mwenyewe. Tunajua tu kilichofuata. Fundi aliinuka, akatoa ubao mpya ulioukata mwenyewe na kuuegemeza nyuma ya mlango, akausimamisha ukutani, akachukua chaki. Hakupitisha neno kwa Mama.

“Sema,” alimwambia mdogo wake.

“Andika nilivyomwambia Baba.”

Akaandika: MAJI, BARABARA NA AJIRA KWA WOTE. Mstari ukajaa, ukingo hadi ukingo, mzuri kupita kiasi.

“Soma.”

Akasoma.

“Soma tena.”

Safari hii hakumaliza. Alisogea, akafuta kwa mkono wa sare yake, akaanzia mwisho kurudi nyuma, hadi likabaki neno moja upande wa kushoto: MAJI. Akaomba chaki. Mwandiko wake ni wa mkunga, unaujua, kama kuku ameruka. Akaongeza KILA MTAA, akairudisha chaki.

Fundi alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja kama ulivyokuwa ukifanya.

“Kulia kumebaki pengo,” alisema. “Naweza kuweka ua. Au nyota.”

“Kaka, liache pengo.”

Akalitazama kwa muda. Kisha akaingia karakana, akaitoa brashi yako kwenye kopo. Nywele zilikuwa zimepinda. Akazinyoosha kwa vidole, taratibu, mpaka zikakubali, na Mama hakumzuia.

Leo ubao wa babu umerudi juu ya mlango wako, uso ukitazama mtaani, maneno yake na kosa lake, bila rangi juu. Wanaopita wanauliza ni nani. Tunawaambia.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo, aliyelisafisha kopo lako asubuhi hii. Wanao, Profesa, Fundi na Mkunga, ambao sasa wanagombana bila mpeleka maneno. Dada yako, aliyeitunza siri yako mpaka ikazeeka. Binamu yako meya, ambaye safari hii tumemketisha mbele. Wajukuu, wakwe, mafundi wenzako na vinyozi wa mji mzima, ambao wameapa kutokubadilisha kile kichwa.

Pumzika, Baba. Bomba la kona halivuji. Nasi hatutakoma kukukumbuka.