Kabla ya Kufuta Programu ya Mwalimu

Kamina, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakupigia makofi polepole, kama nilivyozoea kila asubuhi mlangoni pako, ingawa kati yetu kuna njia ndefu ya reli. Mgongo unaendeleaje? Cherehani imepata sindano, au bado unashona kwa mkono? Sisi huku tu wazima. Tantine, mama mdogo ninayekaa kwake, anapika sombe ya majani ya muhogo karibu kila siku na anasema nimenenepa. Mvua imeanza, na barabara ya kwenda Base, kwenye kambi ya askari, ni matope matupu.

Mama muuza samaki aliniambia kwamba huko kwetu Dianda watu wanasema kazi yangu ni kutazama televisheni kutwa. Si televisheni, Mama. Ni ordinatere, mashine ya kuandikia, na nataka nikueleze vizuri ili uwajibu.

Niliingia katika ofisi ya misheni kwa kufagia na kupanga karatasi. Mkubwa wangu ni Mwalimu Kabamba, mzee aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi na sasa anasimamia uchapaji wa vitabu. Macho yake hayaoni vizuri tena, basi akanikalisha mimi mbele ya mashine. Unanijua. Siku za kwanza sikufungua kinywa. Kila alichosema nilijibu “Eyo vidye”, ndiyo bwana, kama ulivyonilea, nikafanya.

Mwanzoni nilidhani mashine yenyewe ndiyo inayojua kuandika. Kumbe sivyo. Fikiria cherehani yako: ni chuma tu, anayejua kukata kola ni wewe. Programu ndiyo ule ujuzi, ila umewekwa ndani ya disketi, kitu chembamba cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unaingiza disketi, mashine inajifunza. Programu moja inajua kuandika, nyingine inajua hesabu. Ukiiondoa, mashine inasahau kazi ile, lakini nguo zilizokwisha kushonwa zinabaki. Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu jikoni, na Tantine akaniuliza kama kuna mvulana.

Mwalimu anaandika kitabu cha kufundishia kusoma, kwa Kiluba, kwa ajili ya akina mama ambao hawakukaa darasani. Anataka kila neno liwe na picha yake kando. Programu yetu ya zamani ilijua herufi tu, picha haikuzijua, na hapo ndipo alipoanza kutafuta nyingine.

Kuipata kulituchosha. Kule Base kuna mke wa askari anayeuza sabuni, chumvi na disketi juu ya meza moja. Mwalimu akamwuliza disketi zake zina programu gani. “Tata, yote iko mule,” akajibu. “Ukikosa, urudishe, nitakupa sabuni.” Tukanunua mbili, tukazijaribu. Moja ilikuwa na mchezo wa karata, nyingine ilikuwa imeingiwa na mchanga na haikufunguka kabisa. Mwalimu akazirudisha, akapewa sabuni kweli, na mke wake akafurahi kuliko sisi. Baadaye Mademoiselle, muuguzi wa misheni, alipokwenda Lubumbashi akatuletea programu yenyewe katika sanduku lake, pamoja na karatasi ya ruhusa ya kuiweka katika mashine moja na kijitabu cha maelezo kwa Kifaransa. Kijitabu nilikwenda nacho nyumbani, nikakisoma kama mtu anayejiandaa tena kwa mtihani wa Serikali.

Ijumaa, jenereta ilipowashwa asubuhi, tukaanza. Mashine inaomba disketi ya kwanza, unaitia, inanguruma, kisha inaomba inayofuata. Mwalimu alikuwa akinipa kila disketi kwa mikono miwili. Katikati ya kazi mashine ikasimama, ikaandika kwamba nafasi haitoshi. Mwalimu hakusikitika. Alisema tuitoe programu ya zamani, yote, kama wanavyofanya hapa misheni mfanyakazi akihamishwa: nyumba inatolewa kila kitu hadi misumari ya ukutani, inapakwa chokaa, ndipo mwingine anaingia. Nikaandika amri. Mashine ikaorodhesha vyote vilivyomo katika chumba cha programu ile, halafu ikauliza kama kweli tunataka kuvifuta. O, yaani oui, ni ndiyo; N, yaani non, ni hapana.

Nikayapitia yale majina. Katikati ya majina ya programu nikaona majina ya masomo ya Mwalimu, moja baada ya jingine. Kitabu chote, kazi aliyoifanya tangu alipoacha kufundisha, kilikuwa kimelala mle mle. Na hatukuwa nacho kwenye karatasi, kwa sababu utepe wa wino wa kuchapia uliisha zamani.

“Finya O, mutoto,” Mwalimu akasema.

Kinywa changu kilikwisha kusema “Eyo vidye” kabla sijafikiri. Kidole hakikwenda.

“Unangoya nini? Mafuta ya jenereta inakwisha.”

Mama, sijawahi kumkatalia mtu mzima. Nilishuka kitini, nikapiga magoti, nikapiga makofi kama mtu anayeomba msamaha, macho yangu yakiwa kwenye miguu ya meza.

“Mwalimu, unihurumie. Miye sitafinya.”

“Juu ya nini?”

“Kitabu yako iko mule ndani.”

“Programu njo inatoka, kitabu inabakia. Si weye mwenyewe ulinifasiria, mambo ya cherehani?”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemweleza mfano ule kwa fahari, na sasa ndio uliokuwa ukimwongoza kwenye hasara. Nikatafuta maneno.

“Ni kweli, Mwalimu. Lakini fundi huyu alitia nguo za watu katika sanduku yake. Tukichoma sanduku, nguo nazo zinaungua.”

“Unajua kabisa, ao unazania?”

“Nazania tu. Tuangarie mbele, kisha tufute.”

Nje jenereta ilikuwa ikikohoa. Niliona nimeharibu kila kitu, kazi na jina lako pamoja. Mwishowe akavuta pumzi.

“Simama. Batu wakikuta mutoto anapiga magoti mbele ya mashine, watasema tumeanza kuiabudu. Finya N.”

Nikafinya N. Tukafungua jina moja kati ya yale, na lilikuwa somo lake la kwanza. Mwalimu alilitazama kwa muda mrefu, akaenda mwenyewe kabatini kutafuta disketi tupu. Tukanakili masomo yote, kisha tukayanakili mara ya pili kwenye disketi nyingine, mpaka jenereta ikazimwa. Jana tukarudi. Mashine ikauliza swali lile lile, na safari hii nilifinya O bila kuogopa. Programu mpya ikaingia yote, tukatia disketi yetu ya nakala, na masomo yakatokea kwenye kioo. Hapa na pale kuna alama za ajabu ambazo hakuna aliyeziandika, tutazisafisha. Mwalimu aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akasoma kwa sauti kutoka juu hadi chini kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Hakunishukuru, na sikutegemea. Lakini Mademoiselle alipopita, Mwalimu alimwambia kwamba mutoto huyu anajua kukatala. Sasa kila mashine inapouliza jambo, ananigeukia: “Mama O-na-N, unasema nini?” Wenzangu wa ofisini wameshika jina hilo. Naona haya, ila si vibaya sana.

Nakuomba usikasirike kwamba nilimkatalia mzee. Nisalimie Baba mkubwa na miguu yake inayouma, shangazi wa sokoni, na jirani yetu mkunga aliyenipokea nilipozaliwa. Dada yangu mkubwa mwambie mtoto wake nimemshonea kofia. Tantine anakusalimu sana.

Barua hii Banza, mdogo wangu, ndiye atakayekusomea. Lakini ukurasa uliokunjwa ndani yake, mwambie asiuguse. Ni wa kwanza kutoka kwenye programu mpya. Mademoiselle alituazima utepe wake. Una picha ya chungu, na chini yake neno moja la Kiluba kwa herufi kubwa. Mwalimu anauliza kama mama ambaye hakukaa darasani anaweza kulisoma peke yake. Nimemjibu kwamba ninaye mama anayeweza.

Mtoto wako,
Ngoie